Thamani ya Uwanja wa Mzee Cheche

Kama Mizani angekunywa chai aliyoandaliwa, akashukuru, akafunga mdomo, angekuwa ameoa zamani. Lakini Mizani na kufunga mdomo hawakuwahi kukaa nyumba moja. Hata mama yake mzazi alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alizaliwa anaongea, na aliyelia ni mkunga.

Siku hiyo alikuwa amekwenda kuposa. Aliketi sebuleni kwa Mzee Cheche, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha ya chuma, baba yake Pindo. Pindo mwenyewe alikuwa fundi cherehani, mwenye jicho la kumpima mtu bila futi. Alikwisha kumpima Mizani kitambo, akaona ana mapungufu, ila yanashoneka. Kilichobaki ni wazee kukubaliana.

Mshenga alikuwa mjomba wake Mizani, mtu mpole aliyekuwa na kikohozi cha kila shughuli. Njiani alimuusia mpwa wake kwa uchungu.

"Leo kazi yako ni kutabasamu tu, mpwa wangu. Maneno niachie mimi. Ukiona ulimi unakuwasha, ung'ate."

Mambo yakaenda kama maji mteremkoni. Mama Pindo alicheka mahali pa kucheka, Mjomba alikohoa mahali pa kukohoa, na Mzee Cheche alikuwa amekwisha kuegemea kiti kama mtu aliyekubali. Ndipo, kwa kutaka tu kujaza kimya, akauliza:

"Hivi wewe kijana, kazi yako hasa ni ipi? Binti yangu ananiambia unapima mchanga. Nikamwambia mchanga haupimwi, mchanga unazolewa."

Mizani akaiweka chai chini. Mjomba alipoona kikombe kinatua mezani, akajua mambo yameharibika.

"Mzee, kuna mchanga na kuna mchanga," Mizani alisema, huku akivuta kiti mbele. "Ndani ya mchanga wa kawaida hujificha punje nyeusi, nzito, zenye madini. Sisi tunatoboa ardhi, tunatoa mchanga wa chini, tunauosha mpaka zibaki zile nzito peke yake. Halafu tunapima. Tukijua zile nzito ni fungu gani la mchanga wote, na mchanga umeenea wapi na umekwenda chini kiasi gani, tunajua thamani ya mashapo yote, ile akiba ya madini iliyolala chini. Punje hizo nyeusi ndizo zinazotengeneza rangi nyeupe ya kupaka ukutani."

"Nyeusi ndiyo inatengeneza nyeupe?"

"Ndiyo, mzee."

"Hiyo ni elimu au kiini macho?"

Mtu mwingine angecheka, yakaisha. Mizani damu ilimpanda. Kazi yake aliipenda kama wengine wanavyopenda timu ya mpira, na mtu akiigusa alikuwa tayari kutoka uwanjani na jezi iliyochanika.

"Mimi nikitia sumaku yangu mchangani, mzee, mchanga wenyewe unasimama kutoa ushahidi!"

"Eti," alisema Mzee Cheche, akaelekeza kidole dirishani. "Ule uwanja wangu pale nje ni mweusi ti, tangu nihamie hapa. Na wenyewe utatoa ushahidi?"

Mjomba akamkanyaga mpwa wake mguu chini ya meza ili anyamaze. Kwa bahati mbaya ulikuwa mguu wa Mama Pindo.

"Jumamosi nitakuja kuupima," Mizani alisema, juu ya yowe la mama mkwe.

*

Jumamosi akaja kweli, na vyombo vyote: bomba refu lenye meno la kuzungusha ardhini, karai la kuoshea, mzani mdogo uliompatia jina lake, na sumaku kubwa aliyoifunga kwenye kitambaa cheupe kama mtoto mchanga.

Sheria ya kazi yake aliijua. Mkuu wake maabara, mama mmoja mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, aliwaimbia kila asubuhi: tundu moja halina ndugu, usiliamini, toboa hapa, toboa pale, kisha angalia punje kwa lenzi kabla hujafungua mdomo. Lakini jua lilikuwa kali, Pindo alikuwa kibarazani akitazama, na ardhi ya uwanja ule ilikuwa ngumu kila mahali isipokuwa sehemu moja. Sehemu hiyo ilikuwa laini kama unga, tena nyeusi kuliko kwingine. Ilikuwa ubavuni mwa meza ya kazi, pale Mzee Cheche alipozoea kusimama na mashine yake ya kukatia chuma, akirusha zile cheche zilizompa jina.

Mizani akatoboa papo hapo. Akajaza karai, akatia maji, akalitikisa kwa mikogo, mchanga mwepesi ukamwagika nje, na chini likabaki shapo jeusi nene kama masizi ya sufuria. Akalikausha juani. Akaifunua sumaku.

Sasa, punje nyeusi za kweli ni za kiungwana. Ukizisogezea sumaku huja taratibu, kwa kujivuta, kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Hizi za Mzee Cheche hazikuja. Ziliruka! Zilirukia sumaku kama mbwa aliyemwona bwana wake katoka safari, zikaning'inia, zikasimama wima kama manyoya ya nungu.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angechomoa lenzi. Lenzi ilikuwa mfukoni. Mizani aliigusa, akaiacha. Aliona lenzi ni ya watu wenye shaka, na yeye shaka hakuwa nayo hata ya kuazima.

"Sijapata kuona," alinong'ona. "Sijapata kuona mchanga wenye hamu namna hii."

Akapima. Akapiga hesabu kwa kijiti ardhini: urefu wa uwanja, upana wake, kina chake, mara lile fungu la ajabu. Alipomaliza, mstari wa hesabu ulikuwa umetoka mezani ukafika kwenye banda la kuku. Kisha, badala ya kutaja jibu kama binadamu wengine, akapanda juu ya ndoo na kughani:

*Uwanja wa baba yangu, umejaa utajiri,*
*Wajue na walimwengu, hapa mali ni dhahiri,*
*Imeona zito fungu, sumaku haighairi,*
*Nikipewa ua langu, sitasema nasubiri.*

Pindo alipiga makofi kibarazani. Mama Pindo alipiga kigelegele, ingawa mguu ulikuwa bado unamuuma. Mjomba, aliyeletwa awe shahidi, alitoa kikohozi cha furaha. Mzee Cheche aliutazama uwanja wake, akainua mguu mmoja taratibu, akautazama wayo, akaushusha kwa heshima.

"Kwa hiyo mimi ni tajiri," alisema.

"Mzee, wewe ni tajiri uliyeukalia utajiri wako miaka yote hii ukidhani ni vumbi!"

"Na hili umelipima kitaalamu."

"Kitaalamu, mzee. Naapa kwa sumaku yangu."

Mzee Cheche akajikuna kidevu. Akamtazama Mizani kuanzia kofia hadi viatu, pole pole, kama mtu anayetafuta pa kuweka kitu na hapaoni.

"Sasa kijana," alisema, "wewe una mchanga kiasi gani?"

"Mimi?"

"Kwenu. Mna mashapo?"

"Sisi tuna... tuna nyasi, mzee."

"Nyasi," Mzee Cheche alirudia, akageukia Mjomba. "Shemeji, umesikia mwenyewe. Binti wa mtu mwenye mashapo hawezi kwenda kwenye nyasi. Ya posa tuyaache kwanza, tusubiri."

Mizani alikuwa bado yuko juu ya ndoo. Alishuka kama mtu anayeshuka jukwaani baada ya kusahau wimbo. Mjomba alimshika mkono, akamwongoza hadi nje, na barabarani akamwambia kwa sauti ya chini:

"Nimeshenga ndoa nyingi maishani. Nimeona bwana harusi aliyekataliwa kwa ulevi, na aliyekataliwa kwa uvivu. Aliyempandisha cheo baba mkwe mpaka akajikosesha mke, ni wewe wa kwanza."

*

Tangu siku ile nyumba ya Mzee Cheche ikageuka ofisi ya forodha.

Langoni paliwekwa beseni. Yeyote aliyetoka, mgeni au mwenyeji, alitakiwa kuvua viatu, kuvigonganisha soli juu ya beseni, na kukung'uta pindo za nguo zake, asije akaondoka na mali ya watu. Fagio likapigwa marufuku. Kuku wakafungiwa bandani kwa kosa la kuchakura. Mama Pindo, aliyezoea kumwaga maji ya vyombo uwanjani, aliambiwa anayeyusha urithi. Karakana ikafungwa: Mzee Cheche hakutaka wateja wamkanyagie mashapo, na isitoshe, alisema, mtu wa hadhi yake hawezi kuonekana amepiga magoti mbele ya geti la mtu mwingine.

Mageti ya watu yakabaki nusu nusu. Mteja mmoja alikuja kudai lake, akarudi hana geti, na kiatu chake kimoja kimeachia soli kwa kugonganishwa.

Aliyenufaika alikuwa jirani, Kisigino, fundi viatu. Hawa wawili walikuwa hawasemezani kwa miaka, tangu Mzee Cheche alipopoteza ncha ya keekee yake, ile ya kutobolea chuma kinene, akatangaza mtaa mzima kwamba Kisigino ameiiba kutobolea mikanda. Sasa kila aliyetoka kwa Mzee Cheche alitoka akichechemea, akaingia moja kwa moja kwa Kisigino. Kisigino akahamishia kibao chake karibu na lango ili asiwachoshe.

"Karibu, karibu!" aliita. "Kwa jirani ving'oke, kwangu vishonwe!"

Siku upepo ulipovuma, Mzee Cheche alipanda kwenye ngazi, akachungulia ng'ambo ya ua.

"Kisigino! Mchanga wangu umeingia kwako!"

"Uite jina lake, utarudi!"

"Kwanza ncha ya keekee, sasa mashapo! Wewe jirani una mkono mrefu!"

"Ningekuwa na mkono mrefu, babu, ningekuwa nimekwisha kukuziba mdomo kutoka hapa nilipo!"

Mizani hayo yote aliyapata kutoka kwa Pindo. Alikuwa akienda kibandani kwake anakoshona, akisingizia vifungo. Shati lake lilikuwa na vifungo vya kutosha mashati matatu.

"Umenipandisha thamani, Mizani," Pindo alimwambia siku moja, akikanyaga cherehani kwa hasira. "Nashukuru. Sasa hata mimi mwenyewe siwezi kujinunua."

"Si kosa langu kwamba kwenu kuna mali."

"Kwetu kuna kichaa! Jana baba amenisimamisha langoni, amenikagua nywele. Anasema nywele zimeshika mchanga. Binti yake wa kumzaa, nakung'utwa kama mkeka! Na sikiliza: Jumamosi anakuja mtu. Mwenye machimbo ya kokoto."

"Mwenye kokoto anakuja kufanya nini?"

"Kunishonea nguo," Pindo alisema. "Anakuja kuposa, wewe! Baba anasema mchanga na kokoto ndio watu wa hadhi moja. Anasema vikichanganyika vinashika."

Mizani akasimama, kifungo kikamdondoka.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nimesema nataka mtu, sitaki zege." Akasimamisha cherehani, akamtazama. "Uliipandisha kwa mdomo wako. Tafuta namna ya kuishusha. Mimi nipo mpaka Jumamosi. Baada ya hapo, ukija na shati, nitakutoza."

*

Lile shapo jeusi la uwanjani Mizani alikuwa ameliweka maabara, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, kwenye rafu ya juu, mahali wengine wanapoweka picha ya mchumba. Hakuwa amelikausha sawasawa siku ile, kwa haraka ya kughani.

Kesho yake baada ya maneno ya Pindo, Mkuu akaingia na miwani yake miwili, akanyoosha mkono rafuni, akautoa mfuko. Akautikisa. Badala ya kusikika shaa, ilisikika go, go, go.

"Nani amehifadhi tofali kwenye rafu ya sampuli?"

Mizani akageuka. Ndani ya mfuko hakukuwa na mchanga mweusi tena. Kulikuwa na donge moja jekundu la kahawia, limeshikana kama mkate ulioungua.

"Ni... ni sampuli yangu, Mkuu. Tajiri sana."

"Tajiri wa kutu," alisema Mkuu. "Mizani, punje zetu zimelala ardhini na maji tangu babu wa babu zetu hawajazaliwa. Umewahi kuona zimepata kutu?"

"Hapana, Mkuu."

"Lenzi yako iko wapi?"

Ilikuwa mfukoni, kama siku zote. Mizani akaitoa, akavunja kipande cha donge, akakitia jichoni. Punje za kweli huwa za mviringo, zimelainishwa na maji ya miaka na miaka. Humu hakukuwa na punje. Kulikuwa na vijipande vyembamba vyenye ncha, vingine vimejikunja kama nywele zilizoanguka kwa kinyozi. Unga wa chuma. Mageti, madirisha, vitanda, milango ya maduka: kazi nzima ya Mzee Cheche tangu ahamie pale, imesagwa na mashine yake, ikadondokea ubavuni mwa meza, mahali palepale mtaalamu alipochagua kutoboa.

Ndiyo maana ziliruka!

Mizani aliketi sakafuni. Alicheka kwanza. Halafu akaacha kucheka, kwa sababu aliiona hesabu nyingine, na hii haikuhitaji kijiti. Akinyamaza, Pindo anakwenda kwenye kokoto. Akisema, anakwenda kumwambia mtu yuleyule anayetaka awe baba mkwe wake kwamba alimfanya punguani mbele ya mtaa mzima. Na kubwa zaidi, lile lililomchoma kuliko yote: itabidi yeye, Mizani, aliyeapa kwa sumaku yake, aseme kwa mdomo wake, "Nilikosea." Neno hilo hakuwahi kulitumia. Hakujua hata kama mdomo wake unalo.

Alikwenda kwa Mjomba.

"Rahisi," Mjomba alisema. "Mwambie bei ya mchanga mweusi imeanguka duniani. Kila kitu huanguka. Hakuna wa kukulaumu."

"Huo ni uongo, Mjomba."

"Ni uongo wa kiungwana. Unamshusha mzee polepole, haumii."

Mizani aliuchukua uongo ule akaenda nao nyumbani. Akaujaribu mbele ya kioo. Ulimkaa vizuri, ndilo tatizo: ulimkaa vizuri kuliko lile shati lenye vifungo.

*

Jumamosi alikwenda na vitu viwili: uongo kichwani, donge mfukoni. Hakujua atatoa kipi.

Uwanjani mwenye kokoto alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa mtu mnene, mwenye suti, ameketi peku katikati ya uwanja na viatu vyake vimewekwa mapajani, kwa sababu Mzee Cheche alikuwa ameongeza sheria: mgeni anayekuja kwa mara ya kwanza haruhusiwi kukanyaga mashapo na soli. Kila baada ya muda alikuwa akishusha mkono, akachota mchanga kidogo, akauchuja kati ya vidole, akatabasamu. Pindo alikuwa mlangoni, uso umefungwa kama duka la mtu aliyesafiri. Ng'ambo ya ua, juu kidogo ya mabati, kulikuwa na kofia ya Kisigino, na chini ya kofia macho mawili.

"Kijana wa nyasi," alisema Mzee Cheche. "Umekuja kupima tena? Sina nafasi leo, nina mgeni wa hadhi yangu."

Mjomba, nyuma ya Mizani, akakohoa kikohozi cha kumkumbusha: bei imeanguka, bei imeanguka.

"Mzee," Mizani alianza, "kutokana na mwenendo wa soko la kimataifa la malighafi za..."

"Mizani!" Pindo aliita kutoka mlangoni. "Sema na watu. Usiwahutubie."

Mizani akatia mkono mfukoni, akatoa donge, akaliweka mezani mbele ya Mzee Cheche. Lililia ko.

"Mzee, nili..." Lilikwama. Akajaribu tena. "Nilikose..." Likakwama kwenye meno. Akavuta pumzi, akalisukuma kama mtu anayesukuma gari lililozima: "Nilikosea! Uwanja wako hauna mashapo. Nilitoboa tundu moja tu, tena chini ya mashine yako. Huu ni unga wa chuma wa mageti yako mwenyewe, tazama, umepata kutu. Nilikuwa na lenzi mfukoni sikuitumia kwa kiburi. Utajiri wote niliokutajia ni takataka za kazi yako. Nimekwisha."

Mzee Cheche akalitazama donge, akamtazama mgeni wake.

Wa kwanza kusogea alikuwa mwenye kokoto. Alivaa kiatu cha kulia. Akavaa cha kushoto.

"Unakwenda wapi?" Mzee Cheche aliuliza.

"Nimekumbuka shughuli."

"Hujamwona hata binti vizuri!"

"Nimeona mchanga," alisema mwenye kokoto. "Ndio nilioujia." Akapita langoni bila kukung'uta kitu, na hakuna aliyemzuia.

Mama Pindo alianza kucheka. Alicheka mpaka akashikilia nguzo. "Nimekung'utwa!" alisema. "Mwezi mzima mume wangu ananikung'uta langoni, kwa ajili ya takataka zake!"

Kutoka ng'ambo ya ua, mabati yalikuwa yakitetemeka kwa kicheko cha mtu mwingine.

Mzee Cheche aliwaka. Macho yake yalitoa zile cheche ambazo mashine yake haikuzitoa kwa muda mrefu. "Uongo! Mnataka kunidhulumu! Chukua bomba lako, toboa kwingine, hapa mbele yangu!"

Mizani akatoboa nyuma ya jiko, mbali na meza. Akatoboa penye kamba ya nguo. Akatoboa karibu na banda la kuku, na safari hii aliweka kila sampuli peke yake, akaosha kila moja, akaangalia kila moja kwa lenzi kama mtu anayetafuta dhambi zake. Chini ya vumbi jeusi la juu, mchanga ulikuwa mweupe wa kawaida. Chini ya karai zilibaki punje nyeusi chache, za mviringo, za kiungwana. Alipozisogezea sumaku zilijivuta taratibu, moja moja, kwa uvivu.

"Hizi ndizo za kweli, mzee."

"Zina thamani gani?"

Mizani alizipima. Akapiga hesabu, fupi mno.

"Ukichimba uwanja wote mpaka chini, mzee, na nyumba ukaibomoa, utapata rangi nyeupe ya kutosha kupaka dirisha."

"Dirisha zima?"

"Upande wa ndani."

Mzee Cheche aliketi. Akalichukua lile donge la kutu, akaligeuza geuza, akaliweka karibu na jicho. Kisha akaomba lenzi. Alikaa nayo muda mrefu, na kadiri alivyotazama ndivyo mabega yake yalivyokuwa yakipanda.

"Hiki kilichojikunja," alisema polepole, "hiki kinatoka kwenye chuma kigumu. Hiki ni geti la shule. Nalijua. Liliniua mikono." Akageuza. "Na hivi vyembamba ni vitanda." Akainua kichwa. "Kwa hiyo kijana, uliposema mimi ni tajiri niliyeukalia utajiri wangu nikidhani ni vumbi..."

"Ndiyo, mzee."

"...ule utajiri wote nilikuwa nimeuweka mimi?"

"Wote, mzee. Kwa mkono wako."

"Mama Pindo, umesikia? Wenzangu wanategemea wachimbe wakute mali. Mimi nimeimwaga mwenyewe mpaka sumaku ya kampuni ikachanganyikiwa!" Akasimama, kifua mbele. "Nifungulieni karakana!"

"Na posa?" Mjomba aliuliza haraka, kabla upepo haujageuka.

Mzee Cheche akamgeukia Mizani. "Wewe ni mjinga," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Lakini ungeweza kuniletea hadithi. Mtu mwingine angekuja hapa kuniambia, sijui, bei imeanguka duniani."

Mjomba alipatwa na kikohozi kirefu kuliko vyote vya maisha yake.

"Nakupa binti. Ila harusi itakuwa uwanjani hapa, na sitaki mgeni wangu hata mmoja aondoke na kipande cha geti la shule kwenye unyayo. Una sumaku. Uwanja huo hapo. Anza."

*

Mizani alitambaa. Alitambaa juani kwa magoti, akiburuta sumaku yake kwa kamba kama mbuzi anayepelekwa mnadani, huku karakana ikinguruma tena na kuku wakichakura nyuma yake kwa furaha ya wafungwa walioachiwa. Pindo alimfuata na kiti na kikombe cha chai, akawa anashona gauni la harusi huku akimwonyesha alikoruka.

"Pale umeacha."

"Pale nimepita."

"Umepita kwa kughani. Rudia."

Ilikuwa karibu kabisa na ua wa mabati, chini kabisa, pale sumaku ilipokwama. Mizani akavuta. Ikagoma. Akavuta kwa nguvu, mchanga ukafumuka, na kitu kirefu, kinene, chenye mikunjo, kikatoka ardhini kikajigonga kwenye sumaku: tang!

Mashine ya karakana ikazimika. Mzee Cheche akachungulia. Ilikuwa ncha ya keekee.

Mzee Cheche akaiangalia ncha. Akaangalia ua. Akamwangalia mkwewe mtarajiwa, na kwa mkono wa chini, polepole, akafanya ishara ya kufukia.

"Nimeona!" ilisema kofia juu ya mabati.

Mzee Cheche akajipangusa jasho, akatazama juu, akatazama chini, akatazama banda la kuku kama linaweza kumsaidia.

"Kisigino," alisema hatimaye, "siku ya harusi utakaa mbele."

"Na kuombwa radhi?"

"Kukaa mbele ndiko kuombwa radhi."

"Mbele karibu na chakula, au mbele karibu na spika?"

"Karibu na chakula, mtu wewe!"

"Na viatu? Nikitoka, nikung'ute, nisikung'ute?"

Mzee Cheche alikuwa ameiokota ncha, anaipangusa mchanga kwa shati lake, anaitazama inavyong'aa kwenye mikunjo. Mazoea ni mazoea. Akamgeukia Mizani.

"Hii nayo," aliuliza, "kwa makadirio yako, ina thamani gani?"

Mizani akanyanyuka magotini. Kifua kikajaa. Jicho likatafuta ndoo ya kupanda. Mdomo ukafunguka, na Pindo akautilia kikombe cha chai.

"Kunywa," alimwambia.

Akanywa.